Namna ya Kuongeza Alama za Tangazo la Intaneti

Huku Kinole kila mwanafunzi ajua bei ya pilipili manga, kwani wengi wetu twanunuliwa madaftari na sare kwa pilipili hiyo, pamoja na iliki, mdalasini, karafuu na ndizi. Lakini bei huitaja mnunuzi, si mkulima. Mzigo umekwisha kushushwa kutoka mlimani kwa kichwa. Nani ataurudisha juu? Ndiyo maana siku hizi wako watu watakao kuwauzia moja kwa moja wenye hoteli na maduka ya Dar es Salaam, nao huambiwa, "Weka tangazo katika Google." Ushauri huo si mbaya, ila fedha zaweza kwisha kabla hata gunia moja halijauzwa. Nataka kuwaeleza wasomaji jinsi matangazo hayo yanavyopewa alama, na jinsi alama hizo zinavyoongezwa, maana mwenye alama nzuri hulipa kidogo.

Mtu anapoandika katika simu yake maneno ya jambo alitafutalo, hupewa majibu, na mara nyingi juu ya majibu hayo huwekwa matangazo. Mwenye tangazo halipi kwa kuonekana. Hulipa pale tu mtu anapolibofya. Nafasi hizo hugawanywa kwa mnada, nao hufanyika upya kila maneno yatafutwapo, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Mwaka 1998 kampuni ya GoTo.com ya Marekani ilianza kuuza nafasi kwa mnada wa kawaida: mwenye fedha nyingi hukaa juu. Google ilipoanza mnada wake wa malipo kwa kila mbofyo mwaka 2002, ilitazama pia kama watu walibofya tangazo au walilipita tu, na mwaka 2005 ikaleta alama za ubora. Haikufanya hivyo kwa huruma. Fikirini Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro (jina hilo ni la machifu wa huku kwetu Kinole, tusisahau!). Kama meza za mlangoni zingepewa matajiri tu, nao wakauza vitu vilivyooza, wanunuzi wangekwenda kwingine, na ushuru ungepungua.

Wapendao hesabu na watazame mfano huu. Tuseme tajiri mmoja yu tayari kulipa shilingi 600 kwa kila mbofyo, lakini tangazo lake lina alama 3. Mkulima wa Kinole ataka kulipa shilingi 300 tu, na tangazo lake lina alama 8. Tukizidisha, tajiri apata 1,800 na mkulima 2,400. Basi mkulima hukaa juu. Tena halipi shilingi zote 300, bali kiasi cha kumpita tu yule wa chini yake: 1,800 ukigawanya kwa 8 ni 225, basi hulipa kama shilingi 226. Huu ni mfano uliorahisishwa. Katika mnada wenyewe hutazamwa pia mahali alipo mtafutaji, saa, na chombo anachotumia. Na ile alama ya 1 hadi 10 anayoonyeshwa mwenye tangazo ni kioo cha kujitazamia tu, haiingizwi yenyewe katika mnada. Lakini mambo yanayoifanya iwe nzuri ndiyo hayo hayo yanayosaidia mnadani.

Mambo hayo ni matatu: kama yatarajiwa watu watalibofya tangazo, kama tangazo lalingana na haja ya mtafutaji, na kama ukurasa anaofikishwa wamfaa. Kila moja huandikwa juu ya wastani, wastani, au chini ya wastani, kwa kulinganishwa na matangazo ya wengine yaliyoonekana kwa neno lile lile katika siku 90 zilizopita. Ni kama darasani kwetu, ambako nafasi yako hutegemea pia wenzako wamefanyaje.

Kosa kubwa nionavyo mimi ni kuchanganya. Mtu huandika tangazo moja, "Mazao bora ya Uluguru," kisha hulifunga kwa maneno ishirini, tangu ndizi hata mdalasini. Mpishi atafutaye "pilipili manga kwa jumla" haoni pilipili katika tangazo hilo, naye hupita. Yafaa kila zao liwe na kundi lake la maneno na tangazo lake, nalo liseme kama mtafutaji asemavyo: pilipili manga kavu, kutoka Kinole, kuanzia kilo kadhaa, bei yake hii. Kichwa kimoja cha tangazo hakizidi herufi 30, kwa hiyo hakuna nafasi ya majigambo.

Kadhalika hapana budi kuyakataa maneno yasiyofaa. Wako watafutao faida za pilipili manga kwa afya, wengine jinsi ya kuipanda, wengine wataka pilipili hoho kabisa. Mwenye tangazo huweza kuandika orodha ya maneno ambayo yakitafutwa tangazo lake lisitokee.

Ukurasa nao usisahauliwe. Aliyebofya pilipili asikute picha ya milima na historia ya ukoo. Akute pilipili, bei, na namba ya simu. Picha nzito zipunguzwe, ukurasa ufunguke upesi katika simu ndogo, kwani mtu akichoka kungoja hurudi nyuma, na mbofyo umekwisha kulipiwa.

Wako wenye werevu wa kuandika "Viungo bure!" ili wabofywe sana. Watabofywa kweli, na kila mbofyo watalipa, lakini waliokuja kwa neno bure hawatanunua. Alama si mauzo.

Mwisho, pengine badala ya alama huonekana kistari tu. Maana yake neno lile halijatafutwa vya kutosha hata lipimwe. Hapo mwenye tangazo angoje, au achague neno litafutwalo na wengi zaidi, mathalani "viungo vya pilau" badala ya "pilipili manga ya Kinole."