Nati ikigoma, spana ya kugongwa ndiyo dawa

NATI iliyoshikwa na kutu kwenye tingatinga au mtambo wa kiwanda haitii nguvu za mkono. Baadhi ya mafundi huigonga spana ya kawaida kwa nyundo. Ni mazoea ya hatari: chuma chake chaweza kumeguka, kipande kikaruka jichoni.

Ipo spana iliyoundwa kugongwa. Mpini wake ni mfupi na mnene, na mwisho wake bapa hupokea pigo la nyundo nzito. Kishindo hicho cha ghafla huiachisha kutu pale ambapo kuvuta polepole kumeshindwa. Hutumika vilevile kukaza. Tundu lake huizunguka nati yote, hivyo pembe haziliwi, mradi kipimo kiwe sawasawa. Fundi mwangalifu huishikilia kwa kamba, vidole vikiwa mbali, na miwani ya kazi haivui.