Mgeni akipewa jembe, apewe na haki yake

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini familia nyingi zilizokimbia vita katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri hazikukaa ugenini siku tatu; zimekaa miaka. Mwezi wa 10 mwaka 2023, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilihesabu watu milioni 6,9 waliohama makwao ndani ya Kongo. Wengi walipokelewa katika nyumba za wenyeji. Wanalima mashamba ya wengine, wanabeba mizigo sokoni, au wanapata kazi ya siku chache kwenye miradi ya barabara na mifereji.

Katika makala hii tunaeleza namna ya kugawa na kuongoza kazi kama hizo bila kuleta ugomvi. Tukisema «kiongozi», hatumaanishi mwami na chefu wa kijiji peke yao. Tunamaanisha pia kapita wa barabara, rais wa kamati ya waliohama, na mama anayeongoza kikundi cha akina mama.

Kwa nini kazi inaweza kuvunja amani

Kwa mtu aliyepoteza shamba lake, kazi ya siku kumi ni unga, ni sabuni, ni dawa ya mtoto. Kapita akiwachukua ndugu zake tu, wengine wanaona. Wakichukuliwa waliohama peke yao, wenyeji wanasema: «Tuliwapa mahali pa kulala, leo wanakula bila sisi.» Wakichukuliwa wenyeji peke yao, waliohama wanajua kwamba hapa hawahesabiwi kuwa watu. Polepole kila upande unaanza kuhesabu makabila. Hivyo barabara inaweza kumalizika vizuri, na kijiji kikabaki kimegawanyika.

Sheria inasema nini

Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 36, inakataza mtu yeyote kuonewa katika kazi yake kwa sababu ya asili yake, jinsia yake, mawazo yake, imani yake au hali yake ya maisha. Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inataka mshahara sawa kwa kazi sawa, bila kutazama mtu alikotoka. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 kuhusu wakimbizi wa ndani zinasema kwamba aliyehama asibaguliwe anapotafuta kazi. Na mwaka 2022 nchi ilipata sheria mbili mpya: moja ya kulinda watu wenye ulemavu, nyingine ya kulinda Wambuti, Watwa na jamaa zao. Kwa hiyo kumlipa Mtwa nusu ya ujira wa mwenzake si desturi ya kuvumilia. Ni kuvunja sheria.

Mambo manne ya kufanya

1. Chagueni watu mbele ya wote. Tuseme barabara inahitaji watu 100, na waliojiandikisha ni 400: waliohama 240 na wenyeji 160. Hapo ni mtu mmoja kwa kila wanne. Basi waliohama wapate nafasi 60, wenyeji 40. Kama kati ya wale 240 wanawake ni 140, wapate nafasi 35 katika zile 60. Majina yaandikwe kwenye vikaratasi, mtoto achukue kura mbele ya watu, na majina yasomwe kwa sauti. Kama kazi ni ya siku 60, mnaweza pia kufanya zamu nne za siku 15, kila mmoja apate. Hapo kura inaamua tu nani ataanza. Kupata kidogo wote au kupata zaidi wachache, hilo liamuliwe na kikao, si na kapita.

2. Gaweni kazi kwa kadiri ya nguvu, lakini ujira uwe mmoja. Si kila mtu anaweza kusukuma burueti. Mama mwenye mimba, mzee au mwenye ulemavu anaweza kuandika mahudhurio, kulinda vyombo au kulea watoto wa wafanyakazi. Siku yake ni siku kama ya wengine. Maagizo yatolewe katika lugha ambayo wote wanasikia. Kapita akisema kwa lugha ya kwao tu, nusu ya watu wanabaki nje.

3. Lipeni mahali pamoja, siku moja. Kila mtu ahesabiwe pesa zake mbele yake, atie sahihi au kidole, na asidaiwe matabishi. Kama aliyehama alipoteza kadi ya uchaguzi njiani, watu wawili wanaomjua, mmoja mwenyeji na mmoja aliyehama, wamshuhudie.

4. Wekeni mlango wa malalamiko. Anayepokea malalamiko asiwe kapita, na wanawake wawemo. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuna wanawake walioombwa mwili ili wapewe kazi. Tume huru ililieleza jambo hilo mwezi wa 9 mwaka 2021. Tangu 2003 Umoja wa Mataifa umekataza watumishi wake kuomba ngono badala ya kazi au msaada. Kazi hailipiwi kwa mwili. Mama anayesema asichekwe, wala jina lake lisitangazwe.

Ndugu viongozi, tunajua kwamba haya si mepesi. Ndugu yako atakujia usiku akikuambia: «Mimi ni damu yako.» Ukimjibu kwamba majina yanatoka kwenye kura mbele ya watu wote, atakasirika kidogo. Lakini siku kura itakapomwangukia, hakuna atakayesema ameiba nafasi. Utaratibu ulio wazi unamlinda na kiongozi pia.

Maswali ya kuzungumza pamoja

Kwetu, nani anachagua wafanyakazi, na anawachagua wapi? Nani hajawahi kupata zamu? Mtu akionewa kazini, anaweza kumwendea nani bila woga?