Ritifaa na Mpaka wa Neno

Kugawa matini katika programu ya kompyuta ni kuikata kila palipo na alama iliyoteuliwa kuwa mpaka. Tuchukue majina yaliyozoeleka huko Soin, Kericho: "Lang'at,Ng'eno,Rotich". Katika lugha ya Python, mkato ukitajwa kuwa mpaka, twapata majina matatu kamili. Lakini programu ikiamriwa kukata kila pasipo herufi wala tarakimu, Lang'at hugeuka "Lang" na "at". Katika Kikipsigis, kama katika Kiswahili, ng' ni konsonanti moja. Ritifaa yake ni sehemu ya tahajia, wala si kituo. Basi mpaka wa neno ni suala la isimu kabla ya kuwa la mashine. Asiyelitatua kwanza atahesabu vipande badala ya maneno, na mwenye jina hataonekana daftarini.