Namba bila kizio ni hatari

JULAI 23, 1983, ndege aina ya Boeing 767 ya shirika la Air Canada iliishiwa mafuta angani ikitoka Montreal kwenda Edmonton, Kanada. Rubani aliishusha bila injini katika uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli, na watu wote 69 waliokuwamo wakanusurika.

Chanzo kimojawapo cha mkasa huo kilikuwa hesabu ya kubadilisha vipimo. Kwa kuwa mitambo ya kuonyesha kiasi cha mafuta ilikuwa na hitilafu, mafuta yalipimwa kwa kijiti, zikaonekana lita 7,682. Safari ilihitaji kilo 22,300. Wahusika walizidisha lita hizo kwa 1.77, wakapata 13,597 na kuamini kuwa ni kilo. Wakaongeza lita 4,917 tu.

Namba 1.77 ilikuwa uzito wa lita moja ya mafuta hayo kwa ratili, wala si kwa kilo. Wakati huo Kanada ilikuwa ikiacha vipimo vya Kiingereza na kuingia katika mfumo wa metriki, na ndege hiyo mpya ilitumia kilo.

Kosa la namna hiyo huepukwa kwa kutumia uwiano. Vipimo viwili vinavyolingana huandikwa kimoja juu ya mstari na kingine chini yake. Kizio kinachotakiwa kuondolewa huwekwa chini, na kile kinachotafutwa huwekwa juu. Vizio vinavyofanana hukatana, kama namba zinavyokatana.

Lita moja ya mafuta hayo ilikuwa na uzito wa kilo 0.803. Kwa hiyo:

Lita 7,682 × (kilo 0.803 / lita 1) = kilo 6,169

Lita zimekatana, zimebaki kilo. Pengo lilikuwa kilo 16,131, ambazo zikigawanywa kwa 0.803 ni sawa na lita 20,088. Kiasi kilichoongezwa hakikufika hata robo ya hizo.

Iwapo 1.77 ingeandikwa kikamilifu, yaani ratili 1.77 kwa lita 1, jibu lingesomeka ratili 13,597 na kosa lingejitokeza papo hapo.

Kanuni hiyo inafaa hata nyumbani. Chupa ya dawa ya maji ikiwa imeandikwa miligramu 120 kwa kila mililita 5, na daktari ameagiza mtoto apewe miligramu 180, hesabu ni hii:

Miligramu 180 × (mililita 5 / miligramu 120) = mililita 7.5

Mzazi akiugeuza uwiano huo, miligramu hazitakatana. Hiyo ndiyo ishara ya kusimama na kuanza hesabu upya kabla ya kumimina dawa kijikoni.