Mafuta ya Mzeituni na Mafuta ya Nazi
Somo: Luka 10:30-37, Yakobo 5:13-16



Huenda wewe uliye Lunga Lunga, au Vanga, au Msambweni, hujauona mzeituni hata siku moja. Si ajabu. Mti huo hutaka majira ya baridi ndipo utoe maua, na joto la pwani yetu haliufai. Lakini katika nchi ya Biblia mafuta yake yalikuwa ya chakula, ya taa, ya kupaka mwili na ya kutia majeraha.

Sisi Mungu ametupa mnazi. Mama hukuna nazi kwa mbuzi, hukamua tui, kisha hulichemsha polepole mpaka maji yakauke na mafuta yabaki juu. Wengine huanika nazi ikawa mbata, ndipo wakaikamua. Mafuta hayo hukaanga samaki, hulainisha ngozi na nywele.

Je, yana afya sawa na yale ya mzeituni? Hapana. Tazama chupa yako asubuhi ya baridi mwezi wa Julai: mafuta ya nazi yameganda. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta hayo ni ya aina igandayo, nayo yakizidi huongeza kolesteroli katika damu. Mafuta ya mzeituni kwa sehemu kubwa ni ya aina isiyoganda, ambayo ni nafuu kwa moyo. Basi wali wa nazi na samaki wa kupaka tule kwa shukrani, lakini kwa kiasi. Na mwenye ugonjwa wa moyo apunguze tui zito.

Tena, mtoto akiungua moto, tusikimbilie kumpaka mafuta, maana huzuia joto kutoka. Tumwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha tumpeleke zahanati.

Sasa sikiliza neno hili. Wako wanaoamini kwamba mafuta ya maombi lazima yatoke ng'ambo, nao hutoa fedha ya mwisho kununua kichupa. Yakobo anawaagiza wazee wampake mgonjwa mafuta kwa jina la Bwana. Lakini anasema ni nini kinachomwokoa mgonjwa? Ni kuomba kwa imani, na Bwana ndiye amwinuaye. Nguvu haimo katika mti, uwe mzeituni au mnazi.

Na yule Msamaria je? Alitia mafuta na divai katika majeraha, dawa iliyojulikana siku zile. Lakini hakuishia hapo. Alimpandisha mtu yule juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akamwuguza, akalipa dinari mbili. Mafuta yalikuwa mwanzo wa upendo wake, siyo mwisho.

Ndugu yangu, mtoto wa jirani ana homa usiku huu. Mwombee, mpake mafuta ukipenda. Kisha mbebe, akapimwe malaria pasipo kukawia. Mama yake akikosa nauli, dinari mbili ni zako. Usimwache mlangoni ukamwambia awe na imani tu.

Tuombe. Ee Bwana, asante kwa mnazi na kwa waganga wa hospitalini. Utupe imani iombayo, na mikono ibebayo. Amina.