Kufundisha Jinsi Saratani ya Kinywa Inavyovuka Mpaka

Mwalimu afundishaye sayansi katika shule ya msingi, iwe Kisarawe au kwingineko, hana budi kujiandaa kwa swali moja mara atajapo neno jeni: je, saratani ni ugonjwa wa ukoo? Swali hili si dogo. Wako wazee wa Pwani watafunao tambuu yenye popoo na tumbaku, na mtoto aaminiye kwamba saratani ni aibu ya ukoo atanyamaza akiona kidonda kinywani mwa bibi yake.

Jeni ni maagizo yaliyomo ndani ya seli. Yako mabadiliko ya jeni ambayo mtoto huyarithi. Lakini katika saratani ya kinywa, yaliyo mengi hutokea ukubwani, ndani ya seli za kinywa tu, kwa sababu ya tumbaku, pombe au popoo. Mgonjwa hawarithishi watoto wake mabadiliko hayo. Mara nyingi huharibika jeni iitwayo TP53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli yenye hitilafu isigawanyike.

Kuzaana ovyo, hata hivyo, hakutoshi. Chini ya ngozi laini ya kinywa upo utando mwembamba unaoitenga na nyama. Seli zikiuvuka, zaweza kufika kwenye mishipa ya limfu, na kutoka hapo hadi matezi ya shingoni. Huo ndio mpaka ambao somo lapaswa kuuonyesha.

Zana za gharama hazihitajiki. Wanafunzi wawili wavute uzi wa katani kukata chumba. Wenzao wasimame nyuma yake wakiwa wameshikana mikono. Mikono hiyo ni protini iitwayo kadherini. Mwalimu awanong'oneze wachache waachiane. Hapa aeleze kwamba jeni ya kadherini mara nyingi haikuharibika, bali imenyamazishwa, mfano wa kitabu kizima kilichofungwa. Wengi hulipita jambo hili haraka. Mimi naona ndilo lenye mafunzo zaidi.

Kisha mmoja akate uzi kwa mkasi: ndivyo vimeng'enya viyeyushavyo utando. Mwanafunzi wa upande wa pili naye akate, kwani seli jirani zilizo nzima hushawishiwa kufungua njia. Darasa litacheka kwamba msaliti yumo nyumbani, liachwe licheke. Wavukapo, wengine waende peke yao, na wengine kwa kundi wakiwa bado wameshikana, aliye mbele akiwavuta wenzake.

Mfano uliozoeleka wa mdudu alaye nyama tuuache, kwa maana seli hizi ni za mwili wenyewe. Wala tusichanganye ugonjwa huu na uvimbe wa taya za watoto ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 kutokana na kazi yake Uganda. Huo ni saratani ya seli za limfu.

Kabla ya kengele, mwalimu aandike ubaoni: kidonda, au baka jeupe au jekundu kinywani, lisilopona kwa majuma matatu, lionwe na mganga wa hospitali. Atakayehitaji matibabu makubwa huweza kupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Swali la kupimia somo: Je, mtu mwenye TP53 iliyoharibika katika seli chache za ulimi atamrithisha mwanawe hitilafu hiyo? Eleza sababu.