John Coltrane na Malezi ya Mwanamuziki wa Jazi

Jazi ya Marekani, ambayo ilichipuka miongoni mwa Wamarekani weusi wa New Orleans na ambayo ni tofauti na muziki wa dansi wa bendi kama Morogoro Jazz na Western Jazz za Tanzania, humtaka mpigaji atunge papo kwa papo, yaani abuni mahadhi mapya jukwaani huku akifuata mpangilio ambao wenzake wanaujua. Ustadi huo huhitaji kipaji, lakini kwa kawaida hukomaa ndani ya bendi za watangulizi.

Maisha ya John Coltrane, mpiga saksafoni aliyezaliwa mwaka 1926 Hamlet, North Carolina, yanathibitisha jambo hilo. Baada ya kuhamia Philadelphia alisomea nadharia ya muziki na kufanya mazoezi kwa saa nyingi kila siku, kisha akapitia bendi za Dizzy Gillespie na Johnny Hodges, na ni mwaka 1955 tu, akiwa na umri wa takriban miaka 29, ndipo kiongozi wa bendi Miles Davis alipomchukua na jina lake likaanza kusikika.

Mwaka 1957 Davis alimwondoa kwa sababu ya uraibu wa heroini. Coltrane aliiacha dawa hiyo mwaka huohuo, akajiunga na mpiga piano Thelonious Monk katika klabu ya Five Spot, New York, ambako Monk alimfafanulia tungo zake ngumu na mara nyingine aliinuka kwenye piano ili kumwachia nafasi ya kupiga kwa muda mrefu. Matunda ya malezi hayo yalionekana mwaka 1959, aliporekodi "Giant Steps", utungo unaohama kwa kasi kati ya funguo tatu, yaani sauti za msingi ambazo muziki hujengwa juu yake.

Coltrane aliunda kundi lake la watu wanne mwaka 1960, akarekodi "A Love Supreme" mwaka 1964, na kufariki mwaka 1967 akiwa na miaka 40. Kwa kuwa zaidi ya miaka kumi ilipita tangu aingie kwa Gillespie mwaka 1949 hadi alipoongoza kundi lake la kudumu, wanaotaka kukuza vipaji hawana budi kuwapa vijana mazoezi, viongozi wavumilivu na jukwaa la kukosea na kujisahihisha.